Kabla hujameza peremende ya usingizi

Mazungumzo ya mfamasia mbele ya chama cha wastaafu, Mombasa

Asalaam aleikum. Na wasioitikia hivyo, hamjambo nyote. Wazee wangu na mama zangu, shikamooni.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia wanachama wanataka kusikia habari za “dawa ya usingizi ya Marekani”. Nikamuuliza, ipi hiyo? Akasema, ile ya peremende, kila mwenye mtoto ng'ambo analetewa. Basi nimekuja nayo. Msinitolee macho, sikuja kuigawa.

Tuisome pamoja. Chupa ya plastiki, kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, ndani peremende laini nyekundu zenye ladha ya stroberi. Imeandikwa melatonini miligramu 10 kwa kipimo, na kipimo ni peremende mbili. Nyuma, kwa herufi zinazotaka miwani na tochi ya simu, kuna sentensi isemayo kwamba madai haya hayakukaguliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuponya maradhi yoyote. Sisi tunaiita dawa. Anayeitengeneza, kisheria, hathubutu.

Hayo yanatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1994, iliyoziweka bidhaa za namna hii kwenye fungu la virutubisho, jirani na vitamini. Mtu huingia dukani akachukua mkate, maziwa na melatonini, akapanga foleni akalipa. Uingereza hufanyi hivyo, kule ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Na pale ambapo hakuna anayekagua sana, mambo huwa kama yalivyo: mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini. Kiasi halisi kilitofautiana na maandishi, kuanzia pungufu ya asilimia 83 hadi ziada ya asilimia 478. Takriban robo zilikuwa pia na serotonini, kemikali nyingine ya mwilini ambayo haikutajwa popote. Mwaka 2023 ikaja zamu ya peremende huko Marekani. Zilipimwa aina 25, na 22 hazikulingana na maandishi yake. Moja haikuwa na melatonini hata chembe. Kwa hiyo ukiniuliza “nimeze ngapi?”, jibu la kwanza ni kwamba mimi na wewe hatujui kilichomo.

Melatonini yenyewe ni nini? Aliyeitenga kwa mara ya kwanza, mwaka 1958, hakuwa akitafuta usingizi. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa akitafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi, pengine kingewafaa wenye mbalanga. Akakusanya tezi za ubongo wa ng'ombe kwa maelfu, akaambulia kiasi kidogo sana cha kitu kilichoifanya ngozi ya chura ipauke. Wenye mbalanga hawakupata dawa pale, lakini sayansi ilipata homoni ya usiku.

Tezi hiyo na sisi tunayo, katikati ya ubongo, ya milimita chache tu. Giza likiingia, jicho hupeleka habari kwenye saa ya mwili iliyo ubongoni, nayo ikaiamrisha tezi imwage melatonini kwenye damu. Kwa kawaida inaanza kupanda kama muda wa saa mbili kabla ya wakati uliozoea kulala, inafika kileleni usiku wa manane, na kunako alfajiri inashuka. Mwanga ukiingia jichoni usiku, tezi inafunga kazi.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nalisikia kila siku dirishani. Watu wanadhani melatonini inalaza. Hailazi. Inautangazia mwili kwamba usiku umeingia, basi. Muadhini akishaadhini, wakati umetangazwa. Kuswali ni juu yako, na aliyeamua kubaki barazani atabaki barazani hata ukimwongezea vipaza sauti kumi. Ndiyo sababu mtu huniambia miligramu 5 hazikumfaa, sasa anameza 10, na mwezi ujao atataka 20.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo hatuitumii. Huko Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi mtu anaenda kulala jua bado linamtazama. Hapa Mombasa jua linazama baada ya saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na linachomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi hivi. Mwili haupewi habari iliyo wazi kuliko hiyo. Tunachofanya ni kuwasha taa nyeupe ya sebuleni, televisheni, na simu ya kusoma jumbe za kikundi cha familia mpaka saa sita usiku. Utafiti wa mwaka 2011 uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba mwanga wa kawaida wa chumbani, ukikaa nao jioni yote, unafupisha muda wa melatonini mwilini kwa kama dakika 90. Halafu kesho yake tunaagizia melatonini ya chupa kutoka Minneapolis, Marekani.

Lakini inasaidia au haisaidii? Niwape hesabu bila kuipamba. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 19, watu 1,683 wenye matatizo ya usingizi. Waliomeza melatonini, wakilinganishwa na waliomeza kidonge kisicho na kitu, walipitiwa na usingizi mapema zaidi kwa dakika 7. Jumla ya usingizi wao iliongezeka kwa dakika 8. Si uongo kwamba inafanya kazi. Ila mtu anayegaagaa kitandani kuanzia saa nne mpaka jogoo la kwanza, dakika 7 ni za kumfanyia nini? Kwa sababu hiyo, mwongozo wa mwaka 2017 wa chuo cha madaktari wa usingizi wa Marekani ulipendekeza wasiitumie kwa kukosa usingizi sugu kwa watu wazima. Nao wenyewe wakakiri ushahidi ni hafifu. Wametumia neno la kupendekeza, hawakupiga marufuku.

Naona mzee pale anataka kuniambia yeye inamfaa. Huenda. Na umri wako unakupa hoja. Utengenezaji wa melatonini hupungua kwa wengi kadiri umri unavyosonga, na Umoja wa Ulaya mwaka 2007 uliidhinisha kidonge maalumu cha miligramu 2, kinachoyeyuka polepole usiku kucha, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao usingizi wao ni duni. Kinamezwa baada ya chakula, saa moja au mbili kabla ya kulala, na kwa muda usiozidi wiki 13. Angalieni tofauti: hicho ni dawa iliyokaguliwa, kipimo chake ni kidogo, na kina tarehe ya mwisho. Peremende hizi mbili za miligramu 10 huyeyuka mara moja, na nusu ya melatonini yake hutoka damuni kabla ya saa moja kwisha.

Na kidogo si udhaifu. Mwaka 2001 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology waliwapa watu wa zaidi ya miaka 50 wenye tatizo la usingizi vipimo tofauti. Miligramu 0.3, yaani chini ya theluthi moja ya miligramu, iliwarudishia usingizi vizuri. Miligramu 3 iliwashusha joto la mwili, na melatonini ikabaki damuni hadi mchana. Anayeamka na kichwa kizito baada ya peremende zake mbili ajue kwamba usiku wake bado haujaisha mwilini.

Wanaofaidika kweli wapo. Wasafiri wa masafa marefu, hasa wanaoelekea mashariki. Kwa hiyo, mama, ukienda kumwona mjukuu Toronto, Kanada, taabu kubwa utaipata ukirudi Mombasa, na hapo melatonini kidogo wakati wa kulala wa huku, kwa siku chache, inasaidia saa ya mwili ijipange. Wasioona kabisa, ambao mwanga hauwafikii, saa yao huteleza kila siku na wengine hurekebishwa kwa melatonini. Na wako vijana ambao saa yao imechelewa, hawezi kulala kabla ya saa tisa usiku hata umfungie simu kabatini. Wote hao shida yao ni saa. Anayekosa usingizi kwa miaka, mara nyingi saa yake ni nzima. Kinachomkesha ni kingine.

Tuseme basi ni nini kukosa usingizi sugu, maana si kila mkesha ni ugonjwa. Ukikosa usiku mmoja kwa ajili ya karo ya mtoto au msiba, hiyo ni akili timamu inafanya kazi. Sugu ni pale unapopata taabu ya kulala, au unakatika usingizi, au unaamka mapema mno, angalau siku 3 kwa wiki, kwa angalau miezi 3, na mchana wako unaharibika. Mtu akilala kwa muda wa saa tano tu na akaamka mzima, ana nguvu, hana neno, huyo simhesabu mgonjwa.

Alikuja mama mmoja dukani kutaka melatonini. Nikamwomba anionyeshe dawa zake zote. Akafungua mfuko wa kitambaa, akazipanga juu ya kaunta: za presha, za sukari, na ile ya kutoa maji mwilini. Hiyo ya maji unaimeza saa ngapi? Akaniambia saa tatu usiku, zote kwa pamoja, asije akasahau. Dawa ile kazi yake ni kukupeleka msalani. Alikuwa akiamka kila baada ya muda kidogo, akirudi kitandani usingizi umeshakata, anaanza kuwaza. Tukazungumza na daktari wake, ikahamishiwa asubuhi. Sikumuuzia kitu siku ile, na mwenye duka hakufurahi sana.

Angalieni mifuko yenu. Predinisoloni, ile dawa ya pumu na uvimbe, ikimezwa jioni humkesha mtu. Wenzetu wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, wengine huwaondolea usingizi. Ikiwa ni wewe, iulize kliniki kama unaweza kuimeza asubuhi, usiache kamwe. Wanaume, tezi dume ikivimba inawaamsha kukojoa. Sukari isiyotulia nayo inakuamsha ukojoe. Anayekoroma kwa nguvu kisha akanyamaza kama aliyekatika pumzi, halafu akashtuka, huyo anahitaji kuchunguzwa, na dawa za kulaza zinaweza kumdhuru. Anayeamka saa tisa za usiku kila siku na moyo mzito, chakula hakina ladha, watu hawataki, huyo huenda ana sonona, na sonona ina tiba yake. Ukimpa peremende ya stroberi umemchelewesha.

Kahawa nitaisema kwa haraka kwa sababu najua niko Mombasa. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu kafeini miligramu 400, kipimo kikubwa, muda wa saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja, na kwa maelezo yao wenyewe hawakuhisi vizuri hasara hiyo. Kwa hiyo vikombe vya kahawa chungu baada ya Isha, na tangawizi na kashata, vinabaki na wewe hadi usiku wa manane. Miraa na muguka sina haja ya kueleza. Wanaotafuna wanatafuna ili wakeshe.

Sasa tiba yenyewe, na hapa naomba mvumilie kwa sababu haina chupa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilisema watu wazima wote wenye kukosa usingizi sugu waanze na tiba ya kurekebisha mwenendo na fikra juu ya usingizi, kabla ya dawa yoyote. Inaendeshwa na mtaalamu kwa wiki kadhaa, lakini nguzo zake mbili zinaeleweka na kila mtu.

Ya kwanza ilianzishwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972. Kitanda ni cha kulala, na cha mambo ya wenyewe. Si cha kula, si cha simu, si cha kuhesabu madeni. Ukikaa kitandani macho makavu kwa kitambo, kama dakika 20 kwa kukisia, maana saa ya ukutani usiitazame, ondoka. Nenda sebuleni, taa hafifu, kaa ufanye jambo la kuchosha. Mwenye kuvuta uradi na avute. Rudi pale tu kope zinapoanza kushuka, na zikigoma tena, ondoka tena. Siku za mwanzo ni adhabu. Mwili uliozoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza unafundishwa upya, na haufundishiki kwa siku moja.

Ya pili ni ya Arthur Spielman na wenzake, mwaka 1987, na inaenda kinyume na kila ushauri wa bibi. Mtu asiyelala vizuri huenda kitandani mapema, ili walau apumzike. Anaingia saa tatu, anatoka saa kumi na mbili. Muda wa saa tisa kitandani, lakini usingizi halisi ni wa saa tano na nusu tu, umekatika vipande vipande, wa mang'amung'amu. Spielman akasema, mpunguzie kitanda. Chukua mfano wa mtu anayeamka kwa ajili ya swala ya alfajiri saa kumi na moja. Saa hiyo ya kuamka haibadiliki, hata Jumapili, hata kama hakupata lepe la usingizi. Basi haruhusiwi kupanda kitandani kabla ya saa tano usiku. Muda wa saa sita tu kitandani. Atasinzia mbele ya taarifa ya habari, atalalamika, atanitukana kimoyomoyo. Lakini ile njaa ya usingizi inajikusanya, na ndani ya wiki moja au mbili vipande vinaanza kuungana. Akifika mahali ambapo takriban asilimia 85 ya muda wa kitandani ni usingizi, anaongezewa dakika 15. Wiki nyingine, dakika 15. Chini ya muda wa saa tano hatushushi kabisa.

Wenye kifafa wasijaribu hili peke yao, wala wenye maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka, wala anayeendesha tuktuk au lori. Na wanaoanguka ovyo wakiamka usiku, tuzungumze kwanza. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti ndiyo mahali pa kuuliza, na asikuone mtu kichaa kwa kuingia pale.

Mtaniambia, mbona kazi yote hiyo na Valiamu, kidonge cha kutuliza, ipo? Ipo, na wengine mnayo chini ya mto wa kitandani. Piritoni nayo, dawa ya mafua na mzio, imegeuzwa ya usingizi nusu ya mtaa. Zinalaza kweli, kuliko melatonini. Lakini kwa mtu wa miaka 70 zinamlegeza mpaka asubuhi, anaamka kwenda msalani, anateleza, anavunjika nyonga. Ukiniwekea mezani Valiamu, Piritoni na melatonini nichague isiyomdhuru mzee, nitachagua melatonini bila kufikiri mara mbili. Watoto wenu walioileta hawakuwatakia mabaya. Aliyezoea Valiamu kwa miezi asiache ghafla leo usiku kwa sababu ya hotuba yangu. Inapunguzwa taratibu na daktari, ukiikata ghafla unaweza kupata hata degedege.

Wako pia ambao melatonini wasiiguse bila kuuliza. Wanaotumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Wanaotumia nifedipini ya presha: utafiti mmoja ulionyesha presha yao ilipanda kidogo walipoongezewa melatonini. Na fluvoksamini, dawa ya sonona, huifanya melatonini ijae damuni kupita kiasi.

Jambo moja la nyumbani, na nalisema kwa sababu hii kitu ina ladha ya stroberi na nyumba zenu zina wajukuu. Marekani, simu zilizopigwa vituo vya sumu kuhusu watoto waliomeza melatonini zilikuwa 8,337 mwaka 2012. Mwaka 2021 zilifika 52,563. Wengi hawakupata madhara, wengine walilazwa. Mtoto haoni dawa pale, anaona pipi. Iwekeni juu ya kabati, na mkimkuta mtoto ameimeza, amelala na haamshiki, hospitali, na chupa mwende nayo.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa kuhusu maziwa ya moto na kungumanga. Maziwa kunyweni. Kungumanga kwa kukwaruza kidogo haina neno. Anayetia nzima ili alale kama pono anajitia sumu, moyo utamwenda mbio na ataona mambo yasiyokuwepo.

Nitakaa hapa mpaka Magharibi. Mwenye mfuko wa dawa aulete tuupange kwa saa zake. Katibu ana maikrofoni, na aanze mzee yule anayesema melatonini inamfaa. Nataka kujua anaimeza saa ngapi.